Siku Kumi na Nne za Mafuta, Siku Kumi na Nne za Kutulia

Mheshimiwa Mama Valsala, Mwenyekiti wa Baraza letu la Kijiji. Mheshimiwa Alavikutty Haji, Rais wa Klabu ya Undugu ya Cherukulam. Chathukutty Gurukkal, mwalimu wetu wa kalari, mapigano ya jadi, ambaye amekwisha kuikanyaga migongo ya nusu ya watu waliomo humu ukumbini, na wote wakamshukuru. Wachezaji, wake zao, na mama zao mliokuja kuhakikisha kwamba wamekula. Ndugu wageni waalikwa:

Mimi naitwa Shabna, mke wa Mujeeb, beki wetu tunayemuaga leo. Nasema tunayemuaga, na naomba mlishike neno hilo vizuri, kwa sababu Haji ana karatasi ya mkataba wa msimu mmoja zaidi kwenye mfuko wa shati, na kalamu ameshaifungua. Msigeuke wote kwa pamoja, mtamtia aibu. Mujeeb hawezi kumkatalia Haji. Haji ndiye aliyemtoa uwanja wa matope akampa jezi, na Haji ndiye aliyekuja kwetu kuniposa kwa niaba yake. Kwa hiyo Mujeeb ameniomba mimi nitoe shukrani. Nimekubali, maana kukataa si kazi ngumu kwa mtu ambaye juzi tu amemwachisha mtoto ziwa.

Ndugu zangu, mnaukumbuka mwaka juzi? Wachezaji tisa walikuwa na bandeji. Biju, kipa wetu, aliteguka kidole wakati anapiga makofi. Kwenye picha ya timu, wale waliokaa mstari wa mbele walibebwa mpaka pale. Haji akasimama katikati ya uwanja akapaza sauti, "Miguu ya vijana wa siku hizi imekaangwa kama papadam, ukiigusa inavunjika!" Kisha akashika njia mpaka kwa Gurukkal.

"Gurukkal, nitengenezee miguu ya chuma."

"Chuma kinashika kutu, Haji. Kaa kwanza unywe chai."

Basi wakaanza. Ukumbi wetu wa kalari mnaujua, umechimbwa chini, mlango ni mfupi, na mtu huingia kwa mguu wa kulia, akagusa udongo, akagusa paji la uso. Biju alijigonga kichwa asubuhi saba mfululizo. Gurukkal akasema, "Huyu mwacheni, anafanya mazoezi ya kichwa." Wakafundishwa kuchuchumaa kama nguruwe mwitu na kuurusha mguu mpaka ukapiga kiganja juu ya kichwa. Mujeeb alikuwa akirudi nyumbani hawezi kukaa, ananiambia, "Shabna, nahisi nguvu." Nikamwambia, "Hizo nguvu zikuletee maji kutoka kisimani." Akashindwa kuinama.

Lakini je, nidhamu haikuingia? Iliingia, tena ikapitiliza. Kupanda basi kulichukua robo saa, kila mtu anarudi nyuma kubadilisha mguu. Siku moja timu nzima iliingia uwanjani kwa mguu wa kulia, ikainama kugusa majani, na Sudheesh wetu wa kiungo, kwa kuzoea, akamgusa miguu refa. Yule mzee alikuwa hajaheshimiwa tangu aanze kupuliza filimbi. Machozi yalimlengalenga, akamwekea Sudheesh mkono kichwani akambariki, na dakika tisini zote hakumpa kadi, ingawa mbili alizistahili kabisa.

Ukaja mwezi wa Karkidakam, na mvua zake, na uji wake wa dawa. Vijana wakalazwa chini kwenye mikeka, wakapakwa mafuta, na Gurukkal akashika kamba iliyofungwa darini akawatembelea mwili mzima kwa nyayo zake, siku kumi na nne. Hapo ndipo Haji alipofanya kosa ambalo hata binti yangu asingelifanya. Kwenye kalenda ya ofisini alizizungushia kalamu siku kumi na nne za mafuta, na siku ya nane baada ya hapo akaandika: Kombe, dhidi ya Mannilkadavu.

Gurukkal akaweka kidole kwenye ile kalenda.

"Haji, siku za kutulia ziko wapi?"

"Kutulia ni kwa wagonjwa. Hawa ni wachezaji."

"Mafuta hayalijui hilo."

"Basi yaambie!"

"Wamepakwa siku kumi na nne, watatulia siku kumi na nne. Hakuna kukimbia, hakuna jua, hakuna upepo masikioni, hakuna hasira. Wakivunja, yote niliyoyaingiza yatatoka, na yatatoka na ya zamani."

Haji akataka kuwalazimisha. Lakini kila mchezaji ana mama, na mama zao walikuja na basi lao wenyewe. Mama yake Biju alimwambia, "Haji, mwanangu akikimbia leo, kesho utamwogesha wewe."

Kwa hiyo siku ile, mbele ya watu elfu tano, Klabu ya Undugu ya Cherukulam ilicheza mpira kwa kutembea. Mlikuwepo, mnanisuta? Wote walijifunga mitandio masikioni. Robo saa ya kwanza Mannilkadavu hawakuthubutu kutusogelea. Nahodha wao akamuuliza Mujeeb, "Kaka, mna siri gani?" Mujeeb akamjibu, "Hatuna siri, tumetulia tu." Jibu hilo likawatisha zaidi. Walipogundua kwamba ni kweli, wakafunga sita. Biju alikuwa akiutazama kila mpira unaingia, anasema polepole, "Karibu." Kukasirika kumekatazwa, angefanyaje? Na waliobebwa kwa machela siku ile walikuwa watatu, wote wa Mannilkadavu, waligongana wenyewe wakijaribu kumkwepa Sudheesh ambaye wala hakuwa anakwenda popote. Haji akakamata kipaza sauti: "Kwa mara ya kwanza katika historia ya klabu, hakuna hata mmoja wetu aliyeumia!" Alikuwa analia. Mpaka leo sijui yalikuwa machozi ya aina gani.

Na laiti ingeishia pale.

Dakika ya themanini na nane nilikuwa nimesimama karibu na mstari, binti yangu Nihala kiunoni, miezi kumi na moja, hajatamka neno lolote tangu azaliwe. Akamwona baba yake na mtandio wake, anatembea pembeni ya mpira kama mtu anayemsindikiza mgeni. Akapiga kelele: "Uppa!"

Neno lake la kwanza. Alimwita baba.

Mujeeb akageuka, akatuona, akakimbia. Nilizihesabu, hatua kumi na mbili. Akaupiga mpira kutoka mbali ambako beki hana ruhusa hata ya kuota, ukaingia, sita kwa moja, na watu wote wakasimama. Hatua ya kumi na tatu, goti likakatika. Nililisikia kutoka pale niliposimama.

Miezi minane, ndugu zangu. Nyumbani kwangu watu wawili walikuwa wanajifunza kutembea, na mtoto ndiye aliyemaliza wa kwanza. Niliwaogesha wote wawili, niliwalisha wote wawili, na nisiseme ni yupi aliyekuwa akilia zaidi, kwa kuwa leo ni siku yake. Gurukkal alikuja kila alfajiri na mafuta yake, na leo Mujeeb anapanda ngazi, anarukuu, anasujudu, anaendesha baiskeli. Goti limetosha kwa maisha. Kwa mpira halijatosha.

Haji wangu, najua utasema atakaa benchi tu, awatie moyo vijana. Wewe ni mtu mwema, na klabu hii isingekuwepo bila ukaidi wako. Lakini mume wangu alikimbia kwa sauti ya mtoto mmoja. Je, elfu tano wakimwita, atakaa?

Sasa namwomba Gurukkal, usiinuke baba, jibu hapo hapo ulipokaa. Aliyepakwa mafuta siku kumi na nne hutulia siku kumi na nne. Aliyepigwa mateke miaka kumi na mitano, atulie muda gani?

Mmemsikia. Gurukkal, rudia tafadhali, Haji anajifanya anakohoa.

Miaka kumi na mitano. Bila kukimbia na bila hasira. Haji, safari hii kalenda nimeizungushia mimi. Siku zikitimia, lete karatasi yako, na kalamu ikiwa bado inaandika, tutakaa tuzungumze kwa chai. Kwa leo, ifunge kalamu hiyo, inakuchafulia shati.

Kwa yote mliyomfanyia mume wangu, klabu, Gurukkal, na nyinyi mliosimama kwa lile bao moja, nasema asanteni kutoka moyoni. Mkitoka, mguu wa kulia kwanza, na Biju, kichwa.

Nihala amenitoroka, anamkimbilia baba yake. Mujeeb, kaa, usimfuate. Mwache aje yeye, magoti yake ni mapya.

Nawashukuru kwa masikio yenu. Karibuni biriani.