Mwamba Uliopewa Jina la Mzee Ndalahwa

Baada ya miaka ishirini na tisa ya kutunza maboya na taa za ghuba yetu, Mzee Ndalahwa Ngosha anastaafu tarehe 30 Desemba 1961, wiki tatu baada ya Uhuru. Tunamuaga mtu mcheshi, mpenzi wa sato wa kuchoma, na nahodha ambaye mashua yake haijawahi kugusa mwamba.

Alianza kazi akiwa mpaka rangi. Yeye ndiye aliyetufundisha sisi wenzake kazini majina ya miamba. Ramani za ofisi zimejaa majina ya wakubwa; Bismarck, yule mtawala wa Wajerumani, mwenyewe hakuwahi kuliona ziwa hili, na jiwe lake tunalipita kila siku. Kwa wavuvi ni tofauti. Wao huuita mwamba kwa jina la mtu aliyezama hapo, basi. Mzee akifika kwenye mwamba wa namna hiyo hupunguza injini na kuusalimia kwa jina. Tulimcheka sana.

Kicheko kilitukauka mwaka 1954. Mabaharia walimtania mwenzao Chenge, aliyependa kuvua kando ya mwamba mmoja usio na jina, wakauita kwa jina lake. Kabla ya masika mtumbwi wake ulikutwa hapo umetulia, samaki bado wanarukaruka ndani. Chenge hakuonekana tena.

Mwezi huu kamati ya sherehe ilitaka kumtunuku Mzee. Kwa nia njema kabisa, na kwa kuiga mambo ya ramani, ikaandika NDALAHWA kwa rangi nyeupe kwenye mwamba ulio njiani kwenda Kamanga, nyumbani kwake. Walipompeleka kuuona hakufoka. Alikaa chini, akasema, "Wanangu, mmenizika." Rangi ilikwanguliwa siku hiyo hiyo, lakini jina lilikuwa limeshaenea kwa wavuvi.

Tangu hapo hajavuka maji, na sisi tumeona aibu na hofu. Mkewe, Mama Dorotea, alikubali kuhama. Jumamosi iliyopita alikuja na kivuko, pamoja na mbuzi na masufuria yake. Mzee alikuwa gatini hapa Mwanza akimsubiri, tukiwa naye. Mama anasema walipopita ule mwamba alisikia sauti ya mumewe ikimwita kutoka majini, kwa upole, kama amwitavyo nyumbani. Abiria wengine nao waligeuka. Mama hakujibu, na tunampongeza.

Makazi yao mapya ni Kisesa, mbali na ziwa. Mzee Ndalahwa, ahsante kwa kuturudisha salama kila jioni. Tunakutakia maisha mema na marefu, ya nchi kavu. Ukisikia unaitwa kutoka upande wa ziwa, hata kama ni kwa sauti zetu, tafadhali usiitike.