Bi Mishipa na Hesabu Tuliyochelewa Kuisikiliza

Baada ya miaka thelathini na mmoja katika maabara yetu ya uchunguzi wa saratani, fundi wetu wa kuandaa vioo vya hadubini anastaafu tarehe 30 Juni. Wengi hawalijui jina lake kamili. Kwetu yeye ni Bi Mishipa.

Jina hilo lilianza kama utani. Aliajiriwa kukata vipande vya nyama vyembamba kuliko karatasi na kuvipaka rangi, sisi madaktari tuvisome. Yeye hakuishia hapo. Wenzake wakienda kula, yeye amebaki ameinamia hadubini, anahesabu mishipa midogo ya damu iliyoota ndani ya vimbe za kibofu cha mkojo. Uvimbe uliojiotesha mishipa mingi, alituambia, una njaa, nao hautatulia. Tulimcheka, naye akacheka nasi, kisha akaendelea kuhesabu.

Miaka kumi na miwili iliyopita kililetwa kipande cha uvimbe wa dereva wetu wa ambulensi, yule mcheshi aliyempachika kila mtu jina. Nilikisoma mimi. Uvimbe ulikuwa mdogo, wa juujuu tu. Nikaandika arudi kupimwa baada ya mwaka. Bi Mishipa akaja ofisini kwangu na daftari lake.

"Daktari, huu mishipa yake imezidi. Usimwache mwaka mzima. Mwite baada ya miezi mitatu."

Nilimwambia kazi yake ni kupaka rangi, si kutabiri.

"Haya, daktari," alisema, akatoka.

Dereva alirudi baada ya miezi minane, anakojoa damu. Uvimbe ulikuwa umeshapenya ukuta wa kibofu, na mwaka haukuisha tukamzika. Pengine asingepona hata kama tungemwita mapema, sitajua kamwe. Msibani Bi Mishipa alikaa ubavuni mwa mjane. Mimi hakunilaumu, siku ile wala baadaye. Heri angenigombeza.

Wiki iliyofuata nilishuka maabara, nikamwomba anifundishe kuhesabu. Tulirudia vioo vya wagonjwa mia moja na arobaini. Wengi wa wale waliokuwa na mishipa tele, ugonjwa uliwarudia mapema. Siku hizi kila ripoti yetu ya kibofu ina mstari wa hesabu hiyo. Hautoi uhakika, lakini unatukumbusha nani asiachwe asubiri.

Mwezi uliopita mwalimu mmoja, aliyeitwa mapema kwa sababu ya mstari huo, alikuja kunishukuru akiwa mzima. Nilimpeleka kwa Bi Mishipa, aliyestahili shukrani hizo. Walishikana mikono.

Bi Mishipa, asante kwa macho yako na uvumilivu wako. Wenzako wote tunakuombea afya na siku ndefu za furaha pamoja na wajukuu. Nami, mbele yao, nasema nililopaswa kusema zamani: ulikuwa sahihi, na nisamehe.