Shati Lenye Umbea

Fundi wangu wa cherehani alipanda basi na mfuko wake, akakaa kiti cha mbele yangu bila kuniona, kando ya kijana ambaye shati lake lilikuwa linawaka kijani. Kabla hata ya salamu alikuwa ameshashika pindo. "Mwanangu, huu mshono au mzaha?"

"Shikamoo, mama. Limeunganishwa na waya chini ya ngozi. Moyo ukitulia, linawaka kijani. Ukienda mbio, jekundu."

"Na unakwenda nalo wapi?"

"Kuposa."

"Ehe! Wakikuuliza kama umewahi kuoa?"

"Sijawahi," akajibu upesi mno. Shati likawa jekundu mpaka kwenye kola. Aibu nikaiona mimi, nikageukia dirishani.

"Livue!" fundi akamwambia.

"Halivuliki bila daktari, mama."

Fundi akashusha pumzi, akatoa mfukoni koti la kijivu. "Funika huo umbea. La mteja hili, kesho nalitaka, na usilitie jasho."

Basi likasimama, wakashuka. Koti lilimkaa vizuri sana, na vifungo vyote sita vilikuwepo, vile vile ambavyo jana fundi aliniapia kwamba bado havijapatikana.