Urbain, Mbegu za Maharage na Tarehe ya Operesheni

Padri, ndugu wa Burundi, wa Kongo na wa Tanzania mliojaa humu ndani, na ninyi mliosimama nje kwa sababu viti vimekwisha, mimi ni Clementina, dada mkubwa wa marehemu, nimepewa karatasi hii niisome kwa kuwa watoto wanalia na wifi yangu Estella sauti imemkauka, basi mnivumilie, mimi niliishia darasa la sita.

Urbain Nduwimana alizaliwa Rumonge, Burundi, tarehe 4 Septemba 1961, mtoto wa nne wa mzee Ladislas na mama Henriette, akasoma shule ya msingi hapo hapo, akamaliza sekondari Bujumbura mwaka 1981, akawa mtunza stoo wa chama cha wakulima hadi vita vilipotutoa mwaka 1993. Alimwoa Estella kambini Kigoma tarehe 12 Julai 1997, wakajaliwa Gaël na Anaïs, na mwaka 2002 tukaingia Durban hapa Afrika Kusini, ambako alilinda magari ya watu kule Berea miaka sita, mtu mwenye cheti chake.

Mwaka 2008 shirika moja la msaada lilimchukua kwenye ghala lake bandarini, kwa kuwa alijua Kifaransa, na kila kimbunga kilipopiga Madagaska alipelekwa na magunia, mpaka Estella akawa anasema ana mke mwenza, na huyo mke mwenza ni kisiwa.

Februari 2012, kusini ya Toamasina, mbegu za maharage zilifika kabla ya mchele, mkubwa wake akamwamuru azigawe msimu usipite, naye akagawa. Watu walikuwa na siku nne bila chakula, wakaziosha mara tatu zile mbegu zilizopakwa dawa nyekundu, wakazipika, watoto zaidi ya thelathini wakatapika, Mungu akasaidia hakufa hata mmoja. Mkubwa akasema watu wale hawataki kulima. Urbain akamjibu mbele ya wote, “Shefu, wewe ungepanda, mtoto wako analia njaa?” Tangu hapo akakataa kufungua stoo ya mbegu kama chakula hakijafika, vyote vitoke mlango mmoja, siku moja, na kwa ukaidi huo alisimamishwa kazi mara mbili.

Moyo ulianza kumsumbua Agosti 2014, akapewa tarehe ya operesheni, 11 Machi 2015, nikaibandika mwenyewe kwenye friji yao pale Sydenham. Januari mafuriko yakapiga kule Madagaska, wakampigia simu kwamba mtu mpya wa stoo anataka kutoa mbegu kwanza. Nikamwambia, “Urbain, kule iko watu wengine, moyo unao mmoja.” Akasema, “Dada, wiki tatu tu, narudi.” Eish. Tarehe 11 Machi alikuwa amesimama mlangoni mwa stoo, kitanda chake cha hospitali akalala mwingine, akarudi tarehe 2 Mei miguu imevimba, hospitali ikamrudisha mwisho wa foleni, akafariki Ijumaa tarehe 19 Juni, saa tisa mchana.

Juzi mama mmoja wa kule alipiga simu, hana habari ya msiba, anataka kumwambia Urbain kwamba wamevuna maharage, wamejiwekea mbegu za msimu ujao, hawasubiri tena meli. Gaël alipotutafsiria, sebule nzima ikasema asante Mungu. Mimi sikusema. Ningependa maharage yale yakose kuota, naye alale kwenye kitanda kile cha Machi. Kisha nikamwambia Gaël amwulize yule mama kama watoto wanakula. Akasema wanakula, wanashiba. Haya.

Tunawashukuru madaktari na wauguzi, wao walimngoja, yeye ndiye hakufika; majirani wa Sydenham; wenzake wa ghalani walionunua jeneza; wanawake wa soko la Warwick waliofunga meza zao wakaja kupika bila kuitwa; na shirika limeleta maua, tumeyapokea.

Urbain, mdogo wangu, nimemaliza kukugombeza. Pumzika kwa amani.