Mita Mia Nane

NYAMU: Haloo? Naongea na nani?

WAMBETI: Ni mimi, Nyamu. Shangazi yako Wambeti, wa huku Kiritiri.

NYAMU: Tata? Hii namba siijui.

WAMBETI: Ni simu ya jirani, Salesio. Yangu ilizima, na hii pia betri imebaki laini moja. Uko hapo Embu, ofisini?

NYAMU: Niko, tata. Mko salama?

WAMBETI: Hatuko. Ndoo imetoka na matope.

NYAMU: Ndoo gani?

WAMBETI: Ya kisima.

NYAMU: Si uliniambia huna kisima?

WAMBETI: Wacha nikuambie. Tangu Jumatatu hiyo kampuni ya kuchimba maji inajaribu pampu, haizimi. Jumanne nikaongeza kamba. Jana nikaongeza tena. Leo ni matope tu. Kwa Salesio ni hivyo hivyo. Na hiyo ni kujaribu, Nyamu. Wakipewa kibali je?

NYAMU: [Laini inakwaruza.] —nakusikia nusu nusu. Sikiza. Ripoti yetu ya mazingira ishaingia kwa wanaotoa kibali. Inasema karibu na hapo hakuna kisima hata kimoja. Kwa hivyo hakuna mtu wa kuumia.

WAMBETI: Na tuko navyo kumi na saba.

NYAMU: Kumi na saba? Mimi nilizunguka na fomu boma kwa boma. Kila mtu ati hana, ati ananunua maji yanayoletwa na punda. Kwa nini, tata?

WAMBETI: Ni lile tangazo. Mimi ndiye nililisoma kanisani. "Watahesabu visima vyote vilivyo ndani ya mita mia nane."

NYAMU: Eeh. Kutoka hapo kampuni inachimba.

WAMBETI: Sisi tulisikia mita za kulipisha maji. Ati wamebeba mia nane, kila kisima kifungwe yake, halafu bili ianze kuja kila mwezi. Nikawaambia akina mama wafunike.

NYAMU: Woi. Ni mita za umbali, tata. Za kutembea.

WAMBETI: Najua sasa. Nimewamaliza watu na mdomo wangu.

NYAMU: Usiseme hivyo.

WAMBETI: Si uibadilishe hiyo ripoti? Si wewe ndiye—

NYAMU: Siwezi. Imebaki barua ya pingamizi tu, na mwisho ni leo saa kumi na moja. Saa hii ni kumi na nusu. Na nani ataiamini? Fomu iko na sahihi yako: hakuna kisima.

WAMBETI: Siku hiyo nilikupa maji. Na kile kikombe cha bluu.

NYAMU: Yalikuwa baridi.

WAMBETI: Unasema?

NYAMU: Maji ya punda hufika yakiwa moto, jerikeni imechomwa na jua. Yako yaliniuma meno. Na nje niliona mabati, umeyapangia kuni juu. Nilijua, tata.

WAMBETI: Ulijua, na ukaandika hakuna?

NYAMU: Uliniangalia. Wewe ndiye ulinisomesha. Ningekuitaje mwongo kwa fomu?

WAMBETI: Basi andika sasa. Sema ulikunywa.

NYAMU: Nikisema hivyo, nimesema nilidanganya kwa ripoti. Kesho nafutwa.

WAMBETI: Ngoja. Hiyo sikuwa nimeifikiria.

NYAMU: Nipe namba ya kitambulisho, niweke kwa barua. Pole pole.

WAMBETI: Pole pole itatoka wapi, hii simu inalia. Mbili, moja, saba— Nyamu, na mke wako Susan je? Na mimba ya miezi saba?

NYAMU: Mbili, moja, saba. Endelea, tata.

WAMBETI: Saba tena. Sifuri. Nne, nne... [Laini inakwaruza.] ...tisa.

NYAMU: Rudia ya mwisho.

WAMBETI: Tisa.

NYAMU: Nimeshika. Sasa enda utoe hayo mabati. Wakija kuangalia, wakute kiko wazi.

WAMBETI: Niliyatoa asubuhi. Nimekaa hapa kando yake. Nyamu, sikiza, weka jina langu na la Salesio. Jina lako usili—

NYAMU: Nishaliandika, tata. Liko juu kabisa. Tata? Haloo?