Akoru, Aliyeuliza Wenye Nyumba Wameenda Wapi

Ndugu waombolezaji, nawasalimu, ejok, mimi ni Esekon, mdogo wake Akoru, na familia imenipa kazi ya kuwasomea maisha yake.

Sabina Akoru Ebei alizaliwa tarehe 9 Machi 1978 huko Lokitaung, mtoto wa tatu wa Mzee Ebei na Mama Atiir, akasoma shule ya msingi hukohuko, kisha sekondari mjini Lodwar, akamaliza mwaka wa 1997, na walimu walilalamika kwamba kila akijibiwa swali moja huzaa mengine mawili.

Alihitimu uuguzi mwaka wa 2001, akahudumu katika kliniki ya mama na mtoto Kakuma, hadi mwaka wa 2009 alipojiunga na timu inayokwenda nyumba kwa nyumba kupima ni watoto wangapi katika kila mia wamechanjwa, na kwa kuwa hakuna awezaye kufika kila nyumba, chache huchaguliwa kwa kura. Kura hiyo ndiyo iliyompeleka kwa Marial Lueth, mwalimu mkimbizi katika kambi ya Kakuma, aliyemsimamisha mlangoni akamwuliza, "Mbona mnakuja kwangu, na jirani ndiye iko na watoto sita?" naye akajibu, "Kura imekuangukia wewe, mwalimu, tukianza kujichagulia nyumba tutajidanganya." Walifunga ndoa tarehe 14 Mei 2011, Mungu akawajalia Awut na Ebei.

Februari 2019 timu aliyoisimamia ilipima eneo la Lopur, ikapata kwamba karibu kila mtoto amechanjwa, lakini wiki hizohizo surua ilikuwa ikijaza wodi, na Akoru hakutulia, akawa anajiuliza watoto hawa wanatoka wapi, ndipo akakumbuka nyumba zilizokutwa tupu, ambazo timu yake iliziruka ikaingia za jirani. Alirudi akamwuliza mama mmoja, Nawoi, wenye nyumba hizo wameenda wapi.

"Wamefuata nyasi Lokiriama."

"Na watoto?"

"Sasa mbuzi atachungwa na nani?"

Akawafuata Lokiriama, ambako Mzee Lomorukai alimkatalia, akisema, "Mtu hahesabu mtoto wa mwingine bure," naye hakubishana, alikaa nao, akanywa maziwa yao, akauliza habari za malisho na visima, mpaka akina mama wenyewe wakamletea watoto, na wengi hawakuwa wamewahi kuchanjwa hata mara moja. Aliandika kwamba matokeo yaliyobeba jina lake hayakuwa ya kweli, akaomba chanjo ipelekwe huko, ikafika, ingawa ilichelewa kwa mjukuu mmoja wa Lomorukai, na dada yangu alikaa matanga pamoja nao. Toka wakati huo hakuruhusu nyumba tupu irukwe kabla ya kuwaulizia wenye nyumba.

Agosti 2024 aligunduliwa kuwa na ugonjwa wa figo, akatibiwa Lodwar na Eldoret, na hata kitandani alimwuliza daktari mashine ya kumsafisha damu inajuaje kwamba damu imeshakuwa safi. Siku chache kabla ya kutuacha aliniuliza, "Esekon, unadhani huko nitakuta nani?" na kabla sijajibu akacheka, akasema, "Basi, nitaenda kujionea." Alifariki tarehe 3 Juni 2025, Lodwar, mkono wake ukiwa mkononi mwa Marial.

Tunawashukuru madaktari na wauguzi waliomhudumia, majirani wa Kakuma waliopika na kulala nasi, wafanyakazi wenzake, na ninyi nyote mliotoka mbali.

Dada, tumekukabidhi kwa Mungu, pumzika katika amani yake.