Tunaomba Chumba cha Kukunjia Mashuka

Mgeni rasmi, mama yetu Mkurugenzi, karibu sana. Tunajua umekuja kuzindua mashine mpya ya kufulia, na kweli inang'aa. Ila sisi tuliisubiri siku hii kwa sababu yetu wenyewe, na furaha imetujaa hadi msomaji wa risala hii ameonywa asome polepole.

KIKUNDI CHETU

Sisi ni wafuaji, wakaushaji na wapiga pasi wa hapa hapa. Jumamosi zamu ikiisha, tunajifungia chumba cha kukunjia mashuka na kucheza hadithi. Mmoja anakuwa mwizi, mwingine mganga, mwingine askari. Mama Pasi, yule anayenyoosha kola zako, ndiye msimulizi. Anatueleza tulipo, tunamjibu tunafanya nini, na penye shaka dadu huamua.

TULIKOTOKA

Mwanzoni tulirusha dadu kwa kila kitu. Kupanda ngazi, dadu. Kunywa maji, dadu. Mwenzetu Mzee Madoa, ambaye hadithini ni jasiri aliyeua joka, dadu ikamkatalia kufungua mlango usio na kufuli, tukabaki nje hadi muda wa kwenda nyumbani. Alinuna wiki nzima.

Ndipo Mama Pasi akaja na swali lake: "Akikosa, kutatokea nini?" Kama hakuna kitu, tunasonga mbele. Kama jambo liko wazi, tunasonga mbele. Dadu zinangoja pale ambapo kupata na kukosa vyote vina uzito. Tangu hapo zikirushwa, watu wazima tunapanda juu ya viti. Kuhusu viti, tunaomba radhi.

MAFANIKIO

Tuna mwenzetu wa mashine ya kukaushia, tunamwita Kimya. Huenda humjui, maana salamu yake ilikuwa kutikisa kichwa tu. Mwezi uliopita, hadithini, alikuwa mjumbe mbele ya malkia aliyefunga lango, na watu wanakufa njaa nje. Akaongea. Akaongea, jamani, hadi chai ikapoa mikononi mwetu. Alipomaliza akanyoosha mkono achukue dadu, Mama Pasi akazifunika kwa kiganja.

"Za nini, mwanangu? Umeshasema. Lango limefunguka."

Kimya alilia, nasi tukalia naye. Siku hizi anatusalimia kwa majina.

CHANGAMOTO

Mtu alichungulia dirishani, akaona dadu, akasikia kelele, akasema ni kamari. Hatumlaumu, kelele zetu zinajulikana. Lakini mezani kwetu haijawahi kuwekwa hata senti, na tangazo limebandikwa kwamba chumba kifungwe kuanzia Jumatatu.

OMBI

Tunaomba tuachiwe chumba Jumamosi. Mashuka tutayakunja kwanza. Nawe njoo ucheze, kiti chako kipo.

Asubuhi hii Mzee Madoa alitaka turushe dadu tujue kama utakubali. Mama Pasi akazifunika tena. "Huyu ni mtu, ana masikio. Mwambieni." Kisha akachagua msomaji.

Mgeni rasmi, anayekusomea ni Kimya.

Mungu akujalie afya, na mashine yako mpya isikupe presha. Sisi tumeshasema.

Ni sisi wako,
Wacheza Hadithi wa Chumba cha Kukunjia